Mfumuko wa bei ati 2.7, na mbona peislipi yangu inalia? Swali kwa watu wa hesabu

bedsita_umoja2

Wadau habari za jioni. Naomba mnijibu bila kunipeleka kwa siasa juu siasa nilichoka nayo tangu Juni.

KNBS, wale wa takwimu za serikali, wametoa mfumuko wa bei wa Oktoba 2024, asilimia 2.7. Niliskia hio habari ndani ya matatu ya kurudi Umoja, mtangazaji amefurahi kabisa utadhani ameongezewa mshahara, na mimi nimekaa nyuma karibu na dirisha lisilofungika nikijiuliza hio 2.7 inaishi estate gani juu kwetu haijafika. Mshahara wangu ni 50,000 kabla ya makato, haujasonga tangu 2021. Nyumba ileile, keateka yuleyule, stima ile ya tokeni, lakini tarehe 18 sai ndio ile tarehe 25 ya zamani, yaani pesa inaisha wiki moja mapema na sijaongeza starehe yoyote, hata mpira naangalia kwa jirani.

Swali la pili. Niko na laki nne, akiba ya miaka, iko kwa MMF, ule mfuko wa pamoja unaolipa riba. Binamu yangu anasema riba zinaanza kushuka nihamishe zote kwa bondi za serikali, yaani niikopeshe serikali, nifunge riba ya sai. Mjomba naye, amefanya bima miaka mingi, anasema MMF, bondi na NSSF (ile ya uzeeni) zote ni serikali ileile imebadilisha koti, ati nikitaka ukweli nitafute akchuari. Humu kuna akchuari ama hao hukaa Upper Hill tu?

konda_mstaafu

Hio 2.7 iko Runda bro, ilipanda gari ya kibinafsi. Huku kwetu inakujanga imeshika mkono na ndugu zake.

jedwali_la_vifo

Akchuari niko, na ndio, Upper Hill, ghorofa yenye lifti inakwama kila Jumatatu. Kazi yangu kwa kifupi ni kukadiria watu watakufa lini, wataugua mara ngapi, na pesa ya kuwalipa itakuwa wapi hio siku. Ukifanya hii kazi miaka kumi unaanza kushuku kila mtu anayekuja na namba moja peke yake.

KNBS hawajakudanganya. Wewe ndio umesomewa vibaya. 2.7 ni mwendo, haikuambii safari imefika wapi. Gari ikitoka 100 ikashuka 30 haijarudi Githurai, bado inaenda mbele, polepole tu. Angalia Oktoba tatu: 2022 walisema 9.6, 2023 wakasema 6.9, sai 2.7. Watu wanaziona kama mtu anashuka ngazi, kumbe hizo namba zinapandiana mgongoni. Kikapu cha 1,000 Oktoba 2021 kilikuwa 1,096 mwaka uliofuata, halafu 1,172, na leo ni 1,203. Kwa hivyo hio 50,000 yako ambayo haijasonga inanunua kitu cha kama 41,500 za wakati ule. Umepunguziwa mshahara na elfu nane na ushee na hakuna mtu amekuita ofisini akuambie.

Na hapo ni kama kikapu cha KNBS, yaani ile orodha ya vitu wanavyopima bei, kingekuwa chako, na si chako. Kile wanachotumia kilitokana na uchunguzi wa matumizi ya nyumba wa 2015/16, wakaanza kukitumia Februari 2020. Chakula kilikuwa asilimia 36 hivi ya kikapu cha zamani, kikashuka hadi karibu 33. Nyumba, maji, stima na gesi vyote pamoja 14 na nusu hivi. Usafiri chini kidogo ya 10. Sasa chukua kalamu uandike yako. Kodi ya bedsita peke yake itakuwa robo ya kile unaenda nacho nyumbani, nauli ya Umoja mpaka tao mara mbili kila siku, chakula hata sijui. Wastani wa Kenya nzima umechanganya yule wa Kileleshwa anayebadilisha tairi za gari na wewe, halafu mnagawanywa pamoja. Si uongo, ni wastani, na wastani haujawahi kulala njaa.

Kitu kingine kilichoshusha hio namba ni petroli. Oktoba 2023 hapa Nairobi ilikuwa 217.36 kwa lita, Oktoba hii ya 2024 iko karibu 180. Mwaka jana ilikuwa juu sana ndio maana mwaka huu tunaonekana wapole. Uliza konda kama nauli ilishuka vile mafuta yalishuka.

Lakini yenye inaniudhi mimi si hio. Ni peislipi. Mfumuko wa bei unapima bei za vitu vya dukani, makato hayamo kabisa, juu kato si bei. Hebu piga na mimi kwa mshahara wa 50,000. Zamani NHIF ya matibabu ilikuwa 1,200 na NSSF 200, jumla 1,400. Leo, Oktoba 2024, SHIF iliyochukua nafasi ya NHIF, asilimia 2.75, ni 1,375, kato la nyumba za serikali la asilimia 1.5 ni 750, NSSF 2,160. Jumla 4,285. Tofauti ni 2,885 kila mwezi, karibu asilimia 6 ya mshahara wote, na sijagusa PAYE, ile kodi ya mshahara. Hio asilimia 6 haiko ndani ya 2.7, haiko ndani ya 6.9 ya mwaka jana, haiko mahali popote kwa ile ripoti. Ndio hio wiki yako moja imepotea. Na Februari 2025 kiwango cha NSSF kinapanda tena, ingawa cha juu kitawagonga zaidi wale wa 72,000 na kuendelea.

Niwe mkweli pia, ile NSSF haijaliwa, ni akiba yako ya uzeeni na mwajiri anaweka kiasi kama hicho. Mimi si wa kusema NSSF ya 200 ilikuwa na maana, ilikuwa aibu, mtu anastaafu anapewa pesa ya kununua ng'ombe mmoja mgonjwa. Nasema tu kwamba kama wewe ni mtu wa kulipa kodi ya nyumba tarehe 5, akiba ya 2050 haikusaidii na keateka.

Ya laki nne narudi baadaye, naingia mkutano.

mama_kibanda_kayole

Mimi sijasoma hizo hesabu lakini nataka kuongezea huyu kijana kitu. Kwa kibanda bei haipandi, kipimo ndio kinapungua. Mteja wangu anataka mafuta ya mbao (shilingi ishirini), amekuwa akinunua ya mbao tangu nifungue, nikimwambia sai ni ya thate (thelathini) anaenda kwa jirani. Kwa hivyo ya mbao inabaki ya mbao, mimi nabadilisha kikombe. Sukuma ya kumi naifunga majani machache. Nyanya zinakuwa zile ndogo. Halafu mtu wa serikali akija akiuliza mafuta ni pesa ngapi mama namwambia ya mbao, vile ilikuwa mwaka juzi, na si uongo.

Na mnajua mtu wa mbao analipa zaidi kuliko yule ananunua jerikeni, mimi mwenyewe najua juu ndio faida yangu inatoka hapo. Mungu anisamehe.

jedwali_la_vifo

Mama hapo umegonga ndipo. Kwa haki ya KNBS wanajaribu kupima kwa gramu na mililita, si kwa kikombe cha mtu, na wana hesabu tofauti ya Nairobi ya kipato cha chini. Lakini yule wa kadogo anaumia mara mbili na hakuna fahirisi inamwona vizuri: kipimo kinapungua, na kila gramu anainunua ghali kuliko tajiri. Ningekuwa na uwezo ningelipa mtu akae kwa kibanda chako mwezi mzima na mizani.

kaunta_namba_3

Mimi nafanya benki na naona hapa mnapenda kulia tu. Mwaka 2011 mfumuko ulifika 19.7 mwezi wa Novemba, mnakumbuka? Benki Kuu ikapandisha riba yake mpaka 18 na ukashuka. Juzi tena, Januari 2024 dola ilikuwa 160, kila mtu analia Kenya imeisha, CBK wakapandisha mpaka 13 mwezi wa Februari, dola ikarudi 129 na mfumuko ukaingia chini ya 5 ile wanataka. Agosti wakaanza kushusha, Oktoba hii ya 2024 iko 12. Si hio ndio kazi yao? Mnataka wafanye nini, wapike ugali wawaletee? Akchuari wewe ni msomi, sema ukweli, sera imefanya kazi.

Na ile mambo ya kusema kila kitu ni serikali, bondi ya serikali ndio kitu salama kabisa hapa Kenya. Hata sheria zinasema hivyo.

jedwali_la_vifo

Kaunta nakuheshimu na nitaanza na aibu yangu ndio usiseme naongea nikiwa juu ya mti. Januari hio hio mimi, na digrii zangu, na jedwali zangu za vifo, nilinunua dola kwa 160 juu nilikuwa na hakika shilingi inaenda 180. Miezi michache baadaye iko 129. Nilipoteza karibu asilimia 19 ya ile pesa nikiwa nimevaa tai. Bibi yangu hajawahi kusahau, akitaka kununua kitu ananiambia "tuulize dola". Kwa hivyo mimi si mtabiri. Na ndio maana siwaamini watabiri.

Sasa ile sera. Sikatai imefanya kazi, nauliza swali lingine ambalo kwa bima tunafundishwa siku ya kwanza: hatari imeenda wapi? Juu hatari haiyeyuki, inahama. Ukiona imetoka sebuleni angalia chumba cha kulala.

Shilingi ilianguka juu kila mtu aliogopa ile Yurobondi ya 2014, deni la serikali kwa wakopeshaji wa nje, dola bilioni 2, ambayo ilikuwa inaiva Juni 2024. Riba yake ilikuwa 6.875. Februari serikali ikaenda kukopa dola bilioni 1.5 nyingine ya kuilipa, safari hii mavuno, yaani faida ya mkopeshaji kwa mwaka, yakawa juu ya asilimia 10. Hofu ikaisha, dola zikarudi, shilingi ikapanda. Vizuri kabisa. Lakini ile mpya inalipwa kwa awamu tatu, 2029, 2030 na 2031. Kwa hivyo hatukumaliza deni la Juni 2024, tulilihamisha likakaa miaka ile mtoto wangu atakuwa sekondari, na likaenda limenenepa. Pengine ilikuwa uamuzi sawa, mimi pia ningefanya hivyo kama nimeshikwa shati. Lakini usiniambie ni riba ya CBK peke yake ilifanya hio kazi.

Mwezi huo huo wakatoa bondi ya miundombinu, waliomba bilioni 70 wakachukua zaidi ya 240, kwa riba ya 18.46 bila ushuru. Nani analipa hio 18.46? Rudi kwa peislipi ya kijana wa Umoja. Na nani anaipokea? Benki yako Kaunta, mifuko ya penshoni, kampuni za bima kama yetu, na watu wachache wenye pesa. Hapo ndio pesa ilihama, kutoka kwa wale wanakatwa kwenda kwa wale wanakopesha. Kijana wa Umoja yuko pande zote mbili, anakatwa na mkono mmoja na MMF yake inapokea na ule mwingine, tatizo ni kwamba ule wa kukatwa ni mrefu zaidi.

Mfano mwingine wa kuhama, mnakumbuka ile sheria ya kufunga riba za benki? Ilianza Septemba 2016, riba isizidi 4 juu ya ile ya CBK. Watu walishangilia, hata mimi. Kilichotokea ni benki ziliona kwa hio bei ni heri kukopesha serikali kuliko kukopesha fundi wa Gikomba, na huwezi zilaumu, serikali haibishani na haihami nyumba usiku. Fundi naye hakuacha kuhitaji pesa. Akaenda kwa simu. Mkopo wa siku 30 kwa ada ya asilimia 7.5, na hio inaitwa ada, si riba, kwa hivyo sheria haikuigusa. Ukizungusha mwaka mzima ukijumlisha ada juu ya ada inafika asilimia 138. Sheria iliyotengenezwa kumwokoa kutoka kwa 20 ikamsukuma kwa 138, halafu ikafutwa Novemba 2019 na hakuna mtu aliyesema pole. Unga wa 100 wa Julai 2022 ni kitu kama hicho, wiki chache kabla ya uchaguzi, pakiti ya kilo mbili ilikuwa imepita 200, ikatangazwa 100. Mama mboga na bibi yangu waliizunguka Nairobi nzima, rafu zilikuwa na karatasi ya bei bila unga. Bei ilishuka, unga ukahama.

Sasa hio ya "sheria zinasema bondi ni salama", Kaunta hapo ndipo ninapopoteza usingizi kikweli. Ndio, sheria zinasema. Benki ikishika deni la serikali yake kwa shilingi, kwa hesabu ya mtaji hatari inawekwa sifuri. Sifuri, yaani haihitaji kutenga hata senti. Mfuko wa penshoni unaruhusiwa kuweka mpaka asilimia 90 kwa karatasi za serikali. Kila mdhibiti kivyake, CBK wa benki, RBA wa penshoni, IRA wa bima, anafanya kitu cha busara: anawaambia watoto wake wakae karibu na mlango wa serikali juu ndio salama. Shida ni kwamba wote wamekaa kwa mlango mmoja. Mimi nikiweka bima kwa nyumba mia moja sitaki ziwe zote ploti moja Toi Market, juu moto ukija nimekwisha, hata kama kila nyumba kivyake ina kizima-moto.

Na si lazima serikali ikatae kulipa ndio uumie. Chukua bondi ya miaka 10 yenye riba 12. Soko likianza kutaka 18, hio bondi ya 100 inauzwa karibu 73. Serikali haijakosea kitu, inakulipa 12 yako kila mwaka, lakini ukihitaji pesa leo umepoteza robo. Benki ya Silicon Valley kule Marekani Machi 2023 ilikufa hivyo, imeshika karatasi salama kabisa duniani na wateja wakataka pesa yao siku moja. Ghana Desemba 2022 walienda mbali zaidi, wakawaambia wenye bondi za ndani wabadilishe wachukue za riba ya chini na miaka mirefu, hata penshoni mwanzo zilikuwemo mpaka wafanyakazi wakatisha mgomo ndio zikatolewa. Sisemi Kenya ni Ghana. Nasema ile sifuri ya kwa vitabu iliandikwa na binadamu, na binadamu aliyeiandika ndiye anayekopa.

Pole kwa insha.

mjomba_wa_madai

Sawa msomi umeongea poa lakini mimi ndio yule mjomba na nina neno. Nyinyi ma-akchuari ndio mnaweka bei za bima ya matibabu juu kila mwaka, mnajifungia na kompyuta, mkitoka ni asilimia ngapi sijui. Hamko ndani ya 2.7 pia. Unashuku kila mtu isipokuwa wewe.

jedwali_la_vifo

Mjomba shikamoo. Hio ni haki yako na nimeimeza.

Bei ya bima ya matibabu inapanda haraka kuliko unga juu dawa na mashine nyingi zinakuja kwa dola, na juu mtu akishapewa kadi anaenda hospitali kwa mafua. Lakini hata hapo kuna ujanja, sikatai. Miaka iliyopita nilikuwa kampuni moja, sitaitaja, nilipiga akiba ya madai, ile pesa unatenga kwa ajali ambazo zimeshatokea lakini watu hawajaleta karatasi. Wewe mjomba unazijua, ile ya matatu imegonga mtu leo na kesi inakuja baada ya miaka mitatu na wakili. Nikapata namba. Nikaambiwa ni kubwa, ofisi haitapenda, niangalie tena dhana zangu. Nikaangalia tena, namba ikawa ileile. Nikaangalia mara ya tatu nikiwa na mkopo wa gari na mtoto anaanza shule, na unajua ikawa ndogo kidogo. Ilikuwa ndani ya sheria, kila dhana ningeweza kuitetea mbele ya mdhibiti. Nilitia sahihi. Mpaka leo nikiona ripoti yenye namba nzuri sana najiuliza aliyeitia sahihi alikuwa na mkopo wa nini.

Ndio maana nikasema sishuku watu wa KNBS wala CBK kwamba ni wabaya. Nawashuku vile ninavyojishuku.

bedsita_umoja2

Manze sikutarajia hii yote. Mjomba nilijua ni wewe tangu "kompyuta". Akchuari, sasa laki nne? Niambie tu nifanye nini, mimi si mtu wa miaka 2031, mimi ni mtu wa tarehe 18.

jedwali_la_vifo

Siwezi kukuambia ufanye nini, sikujui na sina leseni ya kukushauri hapa. Nitakuambia mimi ningeuliza nini.

Kwanza hii pesa utaihitaji lini. Kama kuna miezi sita ambayo kazi inaweza kuisha, hio miezi sita ibaki mahali unaweza kuitoa kwa siku mbili, hata riba ikishuka. MMF itashuka, binamu yako amesema ukweli, juu wao wenyewe wameweka kwa hati fupi za serikali na kwa benki, riba hizo zikishuka na wao wanashuka, na serikali inachukua 15 ya faida yako kabla uione. Usikasirike nayo, hio ndio bei ya kutoka haraka.

Ile haina kazi kwa miaka mingi, bondi si mbaya, unaweza kuanza na 50,000 kupitia DhowCSD, ile app ya Benki Kuu, kwa simu, bila mtu wa katikati. Ya miundombinu haina ushuru, zingine zinakatwa 15, na za miaka kumi kwenda juu 10. Lakini ni ile pesa ambayo hutaiuza ikiwa 73. Kama una moyo wa kuiangalia ikiwa 73 na ukalala, nunua. Mimi nilidhani niko nao huo moyo mpaka dola ikafika 129.

Na usiweke zote. Mshahara wako unategemea uchumi wa Kenya, NSSF yako iko humo, MMF iko humo, bondi iko humo. Hata kama ni laki moja tu, tafuta kitu ambacho kikienda vibaya hakiendi vibaya siku moja na hivyo vingine. Kwa watu wengi hapa kitu hicho ni kipande cha shamba ocha ama cheti cha ufundi, na hakuna akchuari atakucheka.

kaunta_namba_3

Sawa nimekubali nusu. Lakini dola kwa 160 manze. Wewe?

jedwali_la_vifo

Hata usianze.

mama_kibanda_kayole

Samahani naingilia tena. Sisi tuko na chama, wamama kumi na wawili, pesa yetu iko kwa sacco. Niliskia ati pesa ikipotea kwa benki serikali inakurudishia mpaka laki tano. Na sisi tumo?

jedwali_la_vifo

Mama, hio laki tano ni ya KDIC, ile bima ya amana za benki, ilikuwa laki moja tu mpaka Julai 2020 ndio ikapandishwa, na kati ya Agosti 2015 na Aprili 2016 tulizika benki tatu watu wakiwa na ile laki moja. Ni ya benki tu. Sacco haimo, MMF haimo. Kama sacco yenu ina leseni ya SASRA, mdhibiti wa sacco, angalau kuna mtu anakagua vitabu, lakini hakuna anayekuahidi kurudisha. Uliza kama wana leseni ya kuchukua amana, uliza mikopo mingapi haijalipwa, uliza pesa iko wapi zaidi, kwa wanachama ama kwa jengo lenye jina la mwenyekiti.

mama_kibanda_kayole

Jengo liko. Lina jina. Wacha niite wamama Jumapili baada ya kanisa.